Ini Lashikilia Rekodi, Saitokini Zashika Usukani

Daktari akitoa figo moja, figo hiyo haioti tena. Iliyobaki hunenepa kidogo na kubeba kazi ya mbili. Moyo ukipoteza kipande kwa shambulio la ghafla, mahali pale huja kovu, na kovu halidundi. Ini halifuati sheria hiyo. Mtu mzima mwenye afya anaweza kukatwa zaidi ya nusu ya ini lake akampa mgonjwa, na baada ya miezi mitatu hivi sehemu iliyobaki ikawa imekaribia ukubwa wa ini zima. Katika viungo vikubwa vya ndani vya binadamu hakuna kingine chenye uwezo huo.

Hilo wengi wamelisikia. Kisichosimuliwa sana ni nani anayeliamuru ini liote, nani anayeliambia sasa inatosha, na kwa nini kwa watu wengine linaharibika badala ya kuota. Majibu mengi yako kwenye saitokini, protini ndogo mno ambazo seli za kinga hutoa ili kuzipa seli nyingine habari na amri. Moja kati yake, IL-6, msomaji ameshaisikia wakati wa korona, kila madaktari walipozungumzia dhoruba ya saitokini. Rekodi nilizokusanya hapa ni za binadamu, panya, nguruwe na hata nyani mmoja, na zote zinaelekea upande mmoja: saitokini inayoliumiza ini na ile inayolijenga mara nyingi ni ileile. Kinachoamua ni kiasi chake, saa iliyofika, na hali ya seli iliyoipokea.

Kikosi kikubwa kuliko vyote

Ini la mtu mzima lina uzito wa kama kilo moja na nusu, na damu inayopita humo ni takriban lita moja na nusu kila dakika. Robo tatu ya damu hiyo haiji moja kwa moja kutoka moyoni. Inatoka utumboni, imebeba chakula kilichosagwa, dawa, pombe kama ilinywewa, na vipande vya bakteria vilivyopenya ukuta wa utumbo. Mzigo huo hauna mapumziko, kwa hiyo ulinzi wake nao ni mkubwa. Makrofaji ni seli zinazomeza vijidudu na takataka, na asilimia 80 hadi 90 ya zile zinazokaa ndani ya viungo vya mwili ziko kwenye ini. Zinaitwa seli za Kupffer.

Jina lenyewe limekaa mahali pasipo pake. Mwaka 1876 Mjerumani Karl Wilhelm von Kupffer alipaka vipande vya ini rangi ya dhahabu, akaona seli zenye umbo la nyota, akazieleza. Baadaye yeye mwenyewe akazichanganya na makrofaji. Mwaka 1971 Mjapani Kenjiro Wake alionyesha kwamba nyota zile za mwanzo zilikuwa seli nyingine kabisa, zile zinazohifadhi sehemu kubwa ya vitamini A ya mwili. Wakati huo jina lilikuwa limeshazoeleka na hakuna aliyelibadilisha. Hizo seli za nyota tutakutana nazo tena, maana ndizo zinazotengeneza makovu.

Kikosi kikubwa kiasi hicho kingeweza kulichoma ini kila baada ya mlo. Hakifanyi hivyo kwa sababu seli za Kupffer, zikiguswa kila siku na vipande vya bakteria, hutoa pia IL-10, saitokini inayotuliza kinga. Ndiyo maana ini linashikilia rekodi nyingine, ya kiungo kivumilivu kuliko vyote. Mwaka 1969 Roy Calne na wenzake wa Cambridge walichapisha matokeo ya nguruwe waliopandikizwa ini la nguruwe wengine bila dawa za kuzuia kinga. Figo au ngozi ingekataliwa upesi, lakini baadhi ya nguruwe hao waliishi muda mrefu na ini la mgeni. Uvumilivu huo una gharama yake. Virusi vikishaingia kwenye ini vinakuta kinga imezoea kunyamaza.

Upasuaji uliorudiwa kuliko wote

Mwaka 1931 Wamarekani wawili, Higgins na Anderson, walieleza upasuaji wa panya ambao tangu hapo umefanywa na maabara za dunia nzima. Ini la panya lina ndewe kadhaa zilizotengana vizuri. Mpasuaji anafungua tumbo chini kidogo ya mbavu, anazisukuma nje ndewe mbili kubwa, anafunga uzi kwenye shina lake, anakata. Theluthi mbili za ini zimeondoka, damu haijamwagika sana, na kipande kilichobaki hakijaguswa na kisu. Panya anashonwa, na baada ya muda mfupi anakunywa maji.

Ndewe zilizokatwa haziji tena. Zilizobaki ndizo zinazovimba na kujaa hadi uzito wa mwanzo urudi, na kwa panya kazi hiyo inamalizika katika siku 7 hadi 10. Mambo ya ndani yanaenda kasi zaidi. Ndani ya nusu saa, protini iitwayo NF-κB imeshaamka kwenye seli za ini. Saa moja au mbili baadaye inafuata nyingine, STAT3. Kufikia saa ya 24, seli nyingi za ini za panya mkubwa wa maabara zinanakili DNA yake kwa wakati mmoja. Kwa panya mdogo ni kati ya saa ya 36 na ya 40. Kabla ya kisu, seli hizo zilikuwa zimetulia na hazikuwa na haraka yoyote ya kugawanyika.

Nani kaziamsha? Nancy Bucher na wenzake walitoa dalili ya kwanza mwaka 1951 kwa kuunganisha panya wawili wagawane damu. Mmoja akikatwa ini, ini la mwenzake ambaye hakuguswa nalo lilianza kugawanya seli. Amri, basi, ilikuwa inasafiri kwenye damu. Ikachukua miaka 40 nyingine kuanza kuipa majina. Mwaka 1992 ilionekana kwamba kingamwili inayoizuia saitokini ya TNF huzorotesha uotaji. Mwaka 1996 kundi la Rebecca Taub, Pennsylvania, lilieleza panya waliozaliwa bila jeni ya IL-6: baada ya upasuaji wengi ini lilishindwa kazi, lakini waliodungwa IL-6 mapema waliota ini. Mwaka uliofuata kundi la Nelson Fausto, Seattle, likaonyesha kwamba panya wasio na kipokezi cha kwanza cha TNF nao wanakwama, na kwamba ukiwadunga IL-6 wanakwamuka.

Ukiunganisha hayo unapata mnyororo wenye mantiki. Ini dogo lililobaki linapokea damu yote ya utumboni, na kwa hiyo vipande vya bakteria vingi kuliko linavyoweza kumeza. Seli za Kupffer zinavihisi na kutoa TNF, TNF inazifanya zitoe IL-6, na IL-6 inaiamsha STAT3 ndani ya seli za ini. Hapo seli iko tayari, lakini inangoja kusukumwa na vichocheo vya ukuaji kama HGF, ambayo Toshikazu Nakamura wa Japani aliielezea mwaka 1984. Hata bakteria wa utumboni wana mkono humo, maana panya waliolelewa bila bakteria kabisa huchelewa kuota ini.

Mnyororo huu haujakubaliwa na wote kama nilivyouandika. Maabara zilizorudia jaribio la panya wasio na IL-6 hazikukuta pengo kubwa kiasi kile katika kugawanyika kwa seli. Walilokubaliana nalo ni kwamba bila IL-6 panya wanauhimili upasuaji vibaya na wanakufa zaidi. Kwa maoni yangu hilo halivunji hoja. Ini lina njia nyingi za kufika palepale, na kiungo kinachopigwa na sumu kila siku kingekuwa hatarini kama kingetegemea mjumbe mmoja.

Rekodi ya kugawanyika, na ya ujana

Rekodi inayonishangaza kuliko zote ni ya mwaka 1997, kutoka maabara ya Markus Grompe huko Oregon. Walichukua seli za ini za panya mzima, wakazipanda kwenye panya mwenye kasoro ya kurithi inayoua seli zake mwenyewe za ini. Seli ngeni zikaota mpaka zikalijaza ini. Wakazivuna, wakazipanda kwa panya wa pili, kisha wa tatu, wakaendelea hivyo. Walikadiria kwamba seli hizo ziliongezeka maradufu angalau mara 69. Kila mara ukizidisha kwa mbili, hesabu inafika tarakimu 21. Hizi hazikuwa seli za kiinitete wala za saratani. Zilikuwa seli za kawaida za ini la mnyama mzima.

Kwa binadamu, Olaf Bergmann na wenzake wa Dresden walipima kaboni ya mionzi iliyosambazwa hewani na majaribio ya mabomu ya nyuklia ili kujua umri wa seli za ini. Mwaka 2022 walitangaza kwamba kwa wastani ini lina umri usiofika miaka 3, awe mwenyewe ni kijana wa miaka 20 au mzee wa miaka 84. Baadhi ya seli, zile zenye seti nyingi za kromosomu, zinaweza kukaa hadi miaka 10.

Na ini linajua kipimo chake. Mwaka 1992 huko Pittsburgh, timu ya Thomas Starzl ilimpandikiza mwanamume mmoja ini la nyani. Mgonjwa aliishi siku 70. Ini lile dogo halikubaki na ukubwa wa nyani; lilikua kufuata mwili wa mtu. Upande wa kusimamisha ukuaji, wanaojulikana ni TGF-β, inayozuia seli za ini zisigawanyike, na SOCS3, protini inayoikata amri ya IL-6 ndani ya seli yenyewe. Panya walioondolewa SOCS3 kwenye seli za ini hurudisha uzito wa ini haraka kuliko kawaida, lakini wakipewa kemikali ya kusababisha saratani hupata uvimbe mwingi zaidi. Kuota bila mtu wa kusema basi si sifa.

Mwenye sura mbili kuliko wote

TNF ilipewa jina mwaka 1975 huko New York na kundi la Elizabeth Carswell na Lloyd Old, kwa sababu iliozesha uvimbe wa saratani kwa panya. Hiyo ndiyo TNF tuliyoiona hapo juu ikianzisha ujenzi wa ini, na hiyohiyo ndiyo inayoweza kuliua.

Seli ya ini ikipokea TNF, njia mbili hufunguka pamoja. Moja inaelekea kifo. Nyingine inaamsha NF-κB, ambayo inaingia kwenye kiini cha seli na kuwasha jeni za kujihami. Seli yenye afya huwahi kujihami, na TNF ikawa kwake amri ya kukua. Seli iliyozuiwa kutengeneza protini mpya haiwahi. Mwaka 1979 watafiti wa Ujerumani, Galanos, Freudenberg na Reutter, waliwapa panya galaktosamini, sukari inayoisimamisha kazi ya jeni ndani ya seli za ini, kisha wakawadunga sumu ya bakteria. Wepesi wa panya kufa kwa sumu hiyo uliongezeka maelfu ya mara. Baadaye ikajulikana kwamba mwuaji halisi hapo alikuwa TNF iliyotolewa na mwili wa panya mwenyewe.

Ushahidi safi zaidi ulikuja kwa panya ambao hawakuzaliwa. Mwaka 1995 ilielezwa kwamba vijusi vya panya visivyo na RelA, sehemu muhimu ya NF-κB, hufa vikiwa tumboni siku ya 15 hivi, ini lao limejaa seli zilizojiua. Watafiti wakaiondoa na TNF pia. Vijusi vikaokoka, panya wakazaliwa. Sijui jaribio lingine linaloeleza jambo hili kwa maneno machache zaidi.

Kwa kasi ya kuua, hata hivyo, TNF imepitwa na ndugu yake. Seli za ini zina kipokezi kiitwacho Fas, ambacho seli za kinga hukibonyeza zinapotaka kuua seli iliyoambukizwa. Mwaka 1993 kundi la Shigekazu Nagata wa Japani liliwadunga panya kingamwili inayobonyeza Fas mwili mzima. Walikufa ndani ya saa chache. Viungo vingine navyo vina Fas, lakini kilichoanguka kwanza kilikuwa ini.

Namba zinazoruka juu zaidi maabara

Hapa nitapita haraka. CRP ni kile kipimo ambacho madaktari wa hospitali nyingi huagiza wakitaka kujua kama mwili unapambana na maambukizi. Iligunduliwa mwaka 1930 na Tillett na Francis huko New York. Inatengenezwa na ini kwa amri ya IL-6, na katika maambukizi makali inaweza kupanda hadi mara 1,000 ya kiwango cha kawaida. Hufika kileleni baada ya siku mbili hivi, na amri ikikoma hupungua kwa nusu kila baada ya saa 19. Mgonjwa anayetumia tosilizumabu, dawa ya baridi yabisi inayoziba kipokezi cha IL-6, anaweza kuwa na maambukizi mazito huku CRP yake iko chini. Daktari asiyelijua hilo atadanganyika. Dawa hiyohiyo, mwaka 2019, iliongezewa onyo kuhusu madhara makubwa ya ini, yakiwemo machache yaliyohitaji upandikizaji. Ni nadra, lakini kwa kilichosemwa juu ya IL-6 na ini, si ajabu.

Kipimo kingine ni ALT, kimeng'enya kinachovuja damuni seli za ini zinapopasuka. Kawaida hakizidi 40 hivi. Kwa aliyezidisha parasetamoli kinaweza kupita 10,000. Dawa hiyo iko kila duka la dawa na kila mkoba, na ndiyo inayoongoza kwa kusababisha ini kufeli ghafla Uingereza na Marekani, kiasi kwamba Uingereza ilipunguza idadi ya vidonge kwenye pakiti tangu Septemba 1998. Sumu inayotokana nayo huziua seli za ini, seli zinazokufa humwaga vilivyomo, na seli za Kupffer zikivinusa hupiga mbiu kwa saitokini ya IL-1β na wenzake. Seli za kinga zinazoitikia zinasafisha mabaki ili ini liote. Zikizidi, zinaongeza jeraha. Dawa ya kuokoa, asetilisisteini, hufanya kazi vizuri kabisa ikitolewa ndani ya saa 8. Mtu mzima asizidishe gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na achunguze dawa za mafua anazochanganya, maana nyingi zina parasetamoli ndani.

Kwetu Afrika Mashariki rekodi mbaya ya ini iko kwenye mahindi. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafariki kwa sumukuvu iliyojijenga kwenye mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Ni mmoja kati ya milipuko mikubwa kabisa ya aina yake iliyowahi kuchunguzwa kwa kina. Wachunguzi walikuta wenye virusi vya homa ya ini B walikuwa hatarini zaidi.

Yai moja, kovu la maisha

Kwenye vijiji vya Ziwa Victoria hakuna haja ya kueleza kichocho ni nini. Tanzania inatajwa kuwa ya pili barani Afrika, baada ya Nigeria, kwa idadi ya wenye ugonjwa huo. Minyoo ya kichocho cha tumbo huishi ndani ya mishipa ya damu ya utumbo, dume amemkumbatia jike, kwa kawaida miaka kadhaa. Wapo waliopimwa wakaonekana wameishi zaidi ya miaka 30 ndani ya mtu. Jike mmoja hutaga mayai kama 300 kwa siku. Sehemu ya mayai hutoka na choo. Mengine yanachukuliwa na damu hadi kwenye ini na kunasa kwenye vimishipa vidogo.

Liangalie yai moja kwa karibu. Ni refu kidogo, lina mwiba ubavuni, na ndani yake kiluwiluwi kipo hai kwa wiki kama tatu kikitoa vimeng'enya. Kinga inalizunguka. Zinakuja seli T, makrofaji na eosinofili, tabaka juu ya tabaka, mpaka yai linakaa katikati ya kifundo kikubwa kuliko lenyewe mara nyingi. Kifundo hicho si kosa la kinga. Panya wasioweza kukitengeneza hufa mapema, kwa sababu sumu ya yai inazifikia seli za ini moja kwa moja. Tatizo ni kinachofuata. Seli T zinatoa IL-4 na IL-13, na IL-13 inazigeuza zile seli za nyota, zinaacha kutunza vitamini A na kuanza kufuma nyuzi za kovu. Mwaka 1999 watafiti wa Marekani waliizuia IL-13 kwa panya wenye kichocho. Vifundo vilibaki, makovu yakapungua sana.

Kwa binadamu makovu hayo yanaizingira mishipa mikubwa ya ini. Symmers aliyaeleza huko Misri mwaka 1904, akayafananisha na mashina ya viko vya udongo, na sura hiyo hadi leo inaonekana kwenye picha za mawimbi ya sauti. Seli za ini zenyewe zinaendelea kufanya kazi, ndiyo maana mgonjwa anaweza kuwa na nguvu za kuvuta nyavu hadi siku anapotapika damu, kwa sababu damu iliyokosa njia kwenye ini imetafuta njia kupitia mishipa ya umio. Si kila mwenye minyoo mingi anapata kovu. Utafiti uliofanywa kwenye kijiji cha wavuvi cha Ziwa Albert, Uganda, na kuchapishwa mwaka 2004, ulikuta kovu likiendana na IL-10 kidogo au TNF nyingi, kwa kutegemea umri na jinsia. Watu wawili, maji yaleyale, minyoo ileile, na bado saitokini zao zinawapa mwisho tofauti.

Jaribio lililopindua fikra zaidi

Homa ya ini inayoletwa na pombe, ikiwa kali, huua upesi, na wagonjwa wake wana TNF nyingi damuni. Dawa za kuizuia TNF zilikuwepo tayari na zilikuwa zimewainua watu wenye baridi yabisi waliokuwa hawawezi kutembea. Hoja ilionekana haina pingamizi: TNF inaua ini, izuie. Jaribio la Ufaransa lililotumia infliksimabu lilisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu ya maambukizi na vifo. Lingine, lililochapishwa mwaka 2008, liliwagawa wagonjwa 48, wengine etanasepti, wengine dawa tupu. Baada ya miezi 6, waliofariki upande wa etanasepti walikuwa karibu 58 kwa kila 100. Upande wa dawa tupu, karibu 23.

Takwimu chache za tiba zinauma kama hizo. Mgonjwa yule alihitaji TNF kupambana na bakteria, na huenda pia kuota ini jipya. Aliyeizuia aliiona sura moja tu.

Tangu hapo wengi wamehamia kwenye IL-22, saitokini ambayo kipokezi chake kipo kwenye seli za ini lakini hakipo kwenye seli za kinga, kwa hiyo inaliambia ini lijilinde bila kuichochea kinga. Bin Gao na wenzake wa Marekani wameifuatilia tangu mwaka 2004. Jaribio la mwanzo kwa wagonjwa 18 wa homa ya ini ya pombe, mwaka 2020, lilionyesha kwamba wanaihimili. Wagonjwa 18 hawatoshi kuthibitisha kwamba inatibu.

Ya mwisho, na iliyo karibu nasi zaidi

Virusi vya homa ya ini C vilitibiwa kwa intaferoni, saitokini ya kwanza kabisa kupewa jina, mwaka 1957, na Isaacs na Lindenmann huko London. Tiba ilikuwa sindano kwa wiki 48, homa, kukonda, nywele kukatika, huzuni nzito, na kwa aina sugu ya virusi karibu nusu ya wagonjwa hawakupona. Mwaka 2013 ikajulikana sehemu ya sababu: watu wenye uwezo wa kurithi wa kutengeneza intaferoni moja ya ziada, IFNL4, ndio wanaoshindwa zaidi kuviondoa virusi hivyo, na uwezo huo ni wa kawaida zaidi kwa wenye asili ya Afrika kuliko kwa Waasia wa mashariki. Siku hizi vidonge vya wiki 8 hadi 12 vinaponya zaidi ya 95 kati ya 100, na jambo hilo limepoteza uzito wake kliniki.

Homa ya ini B haijapoteza uzito wowote. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 waliishi nayo. Virusi vyenyewe haviui seli za ini; kinga inayovitafuta ndiyo inayoua. Lakini Luca Guidotti na Francis Chisari, California, walionyesha mwaka 1996 kwa panya kwamba intaferoni gama na TNF, zikitolewa na seli T ndani ya ini, zinaweza kuvifuta virusi ndani ya seli bila seli kufa. Mwaka 1999 wakaona hivyohivyo kwa sokwe: virusi vingi vilitoweka kabla ya uharibifu mkubwa wa ini. Mtu mzima anayeambukizwa hufaulu kuviondoa mara 95 kwa 100. Mtoto mchanga anayeambukizwa na mama yake wakati wa kuzaliwa hubaki navyo mara 9 kwa 10, na kovu au saratani huja baada ya miongo, kimya kimya, kwa mtu ambaye hakuwahi kujisikia mgonjwa.

Chanjo ya kwanza ikitolewa ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa huzuia sehemu kubwa ya maambukizi hayo. Mjamzito apimwe kliniki, na siku ya kujifungua familia iulize kuhusu chanjo hiyo kabla ya kuondoka wodini. Wewe mwingine, kama hujawahi kupima homa ya ini B, omba kipimo hicho safari ijayo ukitolewa damu kwa jambo lolote.